Sauti ya Kiunga Wakati wa Kuzima

Kabla mume wangu Kiunga hajanikomesha, nilikuwa nikizima kompyuta ya duka langu la kuchapa kwa swichi ya ukutani, vile mtu anavyozima taa ya jikoni. Ni haraka tu. Jioni ya Githongo ikifika, ukungu hushuka kutoka mlimani ukaingia katikati ya mibuni, baridi ikapanda miguuni, na mtu hutaka kufika kwake aote moto. Nilibonyeza swichi, skrini ikafa, nikachukua kikapu changu.

"Kaari, hiyo si taa," mume wangu alikuwa akiniambia. "Unaipiga rungu kichwani kila jioni, halafu asubuhi unataka iamke ikufanyie kazi."

"Na si huwa inaamka?"

"Inaamka na maumivu."

Siku moja haikuamka. Ndani yake kulikuwa na kijitabu cha programu ya mazishi ya mzee mmoja wa huku juu, picha zake zote na wasifu wote, na watu wa nyumba hiyo walikuwa wamesimama mlangoni wakingoja niwachapie. Kiunga alihangaika nayo hadi ikafufuka. Hakunigombeza. Lakini jioni moja baadaye nilitoka uani nikamkuta ameinama mbele ya mashine, peke yake, anazungumza.

"Unaongea na nani wewe?" nikamuuliza nikiwa mlangoni.

Alicheka tu, hakunijibu. Akanikalisha kwenye kiti, akaniambia niizime kwa njia yake, kwa kipanya, bila kugusa ukuta. Nikafanya hivyo. Skrini ikaandika kwamba inazima. Kisha sauti yake ikatoka kwenye spika, kwa Kimeru chetu, bila haraka: "Haya, sasa imelala. Mama, funga dirisha la nyuma, twende nyumbani." Na kwa mbali, nyuma ya sauti hiyo, mwanamke akauliza, "Unaongea na nani wewe?" Kicheko kidogo. Kimya.

"Ukishasikia hayo ndipo uguse ukuta," akasema. "Si kabla."

Huyo mama aliyekuwa akiambiwa afunge dirisha si mimi. Ni binti yetu Kiende. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na Kiunga hakuwahi kumwita mtoto wake kwa jina hata siku moja. Alimwita mama tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Wakati huo Kiende alikuwa shule ya kutwa, na jioni alipitia dukani twende pamoja. Kazi yake ilikuwa dirisha la nyuma, kwa sababu paka wa hoteli ya jirani alikuwa akiingia pale na kulala juu ya karatasi safi.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kungoja. Nilizima, nikakaa na mkono kwenye swichi, nikamsikiliza akisema yale yale, naye mwenyewe akiwa amesimama nje na kufuli mkononi akinicheka. Kwa miaka mingi sikuona kwamba ni kitu. Ilikuwa kama mlio wa mlango.

Kiunga alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa. Presha ilimpata kiwandani wakati wa kupima kahawa, watu wakiwa wamepanga foleni na magunia yao, na kabla gari halijafika hospitalini Meru alikuwa ametuacha. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwambia akumbuke kuleta sabuni. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na sina mengine.

Programu ya mazishi yake niliichapa mimi, kwa mashine ile ile, kwa kuwa mtu wa kuchapa programu za mazishi hapa kwetu ni mimi. Nilichagua picha. Niliandika mahali alipozaliwa, shule aliyosoma, ubatizo, ndoa yetu. Kiende alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akinisomea majina ya shangazi zake ili nisisahau mmoja. Tulipomaliza nikazima kama kawaida. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa.

"Haya, sasa imelala," Kiunga akasema. "Mama, funga dirisha la nyuma, twende nyumbani."

Kiende alitoka mbio. Nilimkuta nyuma ya duka, ameshika ukuta, anatapika.

Tangu siku hiyo hakuingia tena dukani wakati wa kufunga. Mimi kwa upande wangu nikaanza kuishi kwa ajili ya wakati huo. Mchana nilikuwa mjane kama wajane wengine, napokea pole na kurudisha chenji. Jioni nilitoa wateja wa mwisho, nikarudisha mlango nusu, nikazima, nikangoja. Halafu nilikwenda nyumbani kwa sababu nimeambiwa twende. Sikumweleza mtu yeyote. Kanisani wangeniwekea mikono wanitoe pepo.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu tangu tuliponunua. Kiunga aliitoa katika ofisi moja ya Meru iliyokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani, sanduku jeusi zito, lenye alama ya gundi mahali palipobandikwa namba ya ofisi. Ilifanya kazi vizuri. Ni dunia iliyoiacha nyuma. Mwaka huu kurasa za serikali zilianza kukataa kufunguka, moja baada ya nyingine. Unaingiza anwani, ukurasa unakuja mweupe, au unakuja na maneno ya kukuambia kwamba chombo chako ni cha zamani mno.

Mwalimu Bundi ndiye aliyenifanya nione aibu. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa suti hata siku za soko. Alikuja kutafuta mambo ya pensheni yake, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima huku mimi najaribu na kujaribu.

"Kaari mwanangu," akasema mwishowe, "mimi nimefundisha watoto wagumu, lakini huyu wako ameshinda wote."

"Mtandao uko chini leo, mwalimu."

"Mtandao uko chini hapa tu? Pale kwa kinyozi kijana ameingia na simu yake na anatazama mpira." Alivaa kofia yake. "Usiniwekee moyoni. Nitashuka mjini, Makutano, kesho. Lakini wewe una duka, na duka ni watu. Badilisha hiyo kitu."

Watu wengine hawakusema. Walipita tu mlangoni wakaenda zao. Nikabaki na programu za mazishi peke yake, na hata hizo watoto wa marehemu siku hizi wanataka kuzituma kwa barua pepe zikiwa tayari, na barua pepe yangu ilikuwa imeanza kukataa pia.

Nilimpigia Kiende. Yuko Embu mjini, ni muuguzi katika kliniki moja ndogo.

"Mum, hiyo mashine inatumia mfumo namba saba," akasema. "Saba! Watu wamefika namba kumi na moja. Peleka wakuwekee mfumo mpya."

"Na ile..."

Alijua. Nikasikia mtoto wa mtu akilia nyuma yake huko kliniki.

"Ile itaenda, Mum. Mfumo mpya unakuja na milio yake. Labda ni vizuri iende."

"Vizuri kwa nani?"

"Mum, tafadhali. Mimi niko kazini."

Nilikaa na simu mkononi. Sikumkasirikia. Kila mtu ana upande wake wa kubebea mzigo.

Niliifunga mashine kwa leso na kuipeleka Makutano. Fundi anaitwa Mugendi, Muembu, mtu mpole mwenye ndevu chache, ambaye chumba chake kiko nyuma ya duka la simu. Alifungua ubavu wa sanduku, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ilikuwa hai wakati gani?"

"Iko hai hata sasa."

"Sawa. Kumi na moja haitakubali, hata tukiomba na kufunga. Kumi yenyewe walioitengeneza wamesema wameiacha, lakini inaweza kukusukuma miaka kadhaa. Hiyo tutajaribu." Akaitazama tena. "Na nitakuongezea kumbukumbu, ile RAM, kwa sababu hii iliyo nayo ni ya kuchezea karata."

Akachomeka flashi yenye mfumo mpya, kazi ikaanza. Kulikuwa na mtu mwingine pale, dereva wa tuk-tuk aitwaye Kiogora, anangoja simu yake ibadilishwe kioo. Tulikaa sote watatu tunatazama namba zikipanda kwenye skrini. Zilipanda, mashine ikajizima ikajiwasha, zikapanda tena. Nilishika leso yangu magotini. Nilikuwa nimekuja mwenyewe, kwa miguu yangu, hakuna aliyenilazimisha, na bado kila namba iliyoongezeka ilikuwa kama mtu anayetembea kwenda mbali na mimi. Sikuwa nimemwambia Mugendi lolote. Ningemwambia nini? Kwamba kuna maneno machache mle ndani nisiyotaka yaguswe?

Halafu namba zikasimama. Zikakaa hapo hapo muda mrefu, mpaka Kiogora akasinzia. Ghafla skrini ikabadilika na kuandika kwamba imeshindwa, inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

"Imekataa," Mugendi akasema.

Nilifurahi. Ni lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Moyo wangu uliruka kama wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake hatakatwa mguu.

Mugendi alifungua mafaili kutafuta sababu. Akaanza kusoma majina ya folda kwa sauti ya chini, kisha akaniangalia. "Mama, hapa umebeba makaburi ya Imenti yote."

Ni kweli. Picha za kila marehemu niliyemchapia, sijafuta hata mmoja. Watu hurudi. Mwaka ukiisha wanataka kufanya ibada ya kumbukumbu na wamepoteza picha, wanakuja kwangu.

"Ndiyo maana mfumo mpya umekosa pa kukaa," akasema. "Hakuna nafasi hata ya kuweka kijiko. Kwanza tuwahamishe hawa wote kwenye diski nyingine, halafu nijaribu tena. Wacha niizime." Akapeleka kidole kwenye kile kitufe cha mbele, akitaka kukibonyeza na kukishikilia vile mafundi wanavyofanya.

Nilimshika mkono. Mimi, mwanamke mtu mzima, nilimshika kijana wa watu mkono kwa nguvu. "Usiizime hivyo! Izime polepole, kwa njia yake."

Alinitazama, akashangaa, lakini akafanya nilivyosema. Skrini ikaandika kwamba inazima. Na pale nyuma ya duka la simu la Makutano, malori yakinguruma nje, Kiunga akasema kwamba sasa imelala. Akamwambia mama afunge dirisha la nyuma, twende nyumbani.

Kiogora aliamka. "Nani huyo anatuma watu dirisha? Hapa hata dirisha hakuna!"

Mugendi alianza kucheka, akaniona uso wangu, akaacha.

"Ni mzee wangu," nikasema. "Ni marehemu."

Kiogora alivua kofia. Ndivyo alivyofanya, alivua kofia mbele ya kompyuta. "Pole, mama. Nisamehe. Mdomo wangu hutangulia."

"Hukujua."

Kiembu na Kimeru husikilizana, na Mugendi alikuwa amesikia kila neno. Alikaa chini kwenye kiti kidogo, akaniambia ukweli wote bila kuuzungusha. Katika mfumo wa zamani, akasema, kulikuwa na mahali pa kuweka sauti ya wakati wa kuzima, na mzee wangu aliitoa iliyokuwapo akaweka yake. Katika mifumo iliyofuata mahali hapo hapapo. Wenye kuitengeneza walipaondoa.

"Kwa nini?"

"Walitaka mashine izime haraka. Sauti ilikuwa inaichelewesha."

Nilicheka, sijui kwa nini, kisha machozi yakanitoka.

"Lakini faili yenyewe haitapotea," akasema upesi. "Nitakuwekea kwenye flashi, nikuwekee kwenye simu, popote. Na naweza kukutengenezea alama hapa kwenye skrini. Ukitaka kufunga unaibonyeza, inasema maneno yake, halafu mashine inazima. Utaona ni kama zamani tu."

Alikuwa anajaribu kunisaidia na moyo wake wote, na sikujua jinsi ya kumweleza. Nilijaribu. "Mugendi, mimi sijawahi kumbonyeza ndipo aseme. Mimi huwa nazima tu. Ni yeye anayesema."

Alifikiri. "Naelewa," akasema, na nadhani alielewa kidogo. "Basi leo sifanyi kitu. Nitahamisha hizi picha, uende nayo nyumbani kama ilivyo. Ukiamua, utarudi."

Nilirudi nayo Githongo. Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikajua kuna mtu mmoja ambaye sikuwa nimemtendea haki. Mama mkwe wangu, Kiende mkubwa, anakaa ng'ambo ya mto katika boma la zamani. Amezika watoto, Kiunga akiwa wa mwisho. Yeye hushinda shambani na hulala jua likizama, hajawahi kuwa dukani wakati wa kufunga. Kwa muda wote huo nilikuwa nimeketi peke yangu na sauti ya mwanawe kama mtu anayekula nyama mlango umefungwa.

Nilimwendea. Nilimkuta anachambua maharagwe.

"Mama, jioni ya leo nataka uje nami dukani."

"Kuna nini dukani? Miguu yangu hii?"

"Nitaita pikipiki."

"Nipande pikipiki kwenda kuona nini, Kaari? Karatasi?"

"Ile kompyuta ya Kiunga ina maneno yake. Aliyaweka mwenyewe akiwa mzima. Nataka kuibadilisha, na ikibadilishwa haitasema tena. Nimeona usikie kwanza."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nilingoja anikemee. Ni mwanamke wa maombi, hapendi mambo ya wafu.

"Anasema nini?"

"Njoo usikie."

Alivaa sweta yake ya kanisani na kilemba safi. Jioni ilikuwa na ukungu, nikawasha taa mapema. Nilimkalisha kwenye benchi ya wateja, nikatoa viatu vyake vya matope nikamwekea gunia chini ya miguu. Alitazama skrini kwa wasiwasi, kama anayetazama ng'ombe wa wenyewe.

"Uko tayari, mama?"

"Fanya."

Nilizima. Kiunga akasema maneno yake. Mimi wa ndani ya sauti ile, kwa mbali mlangoni, nikauliza anaongea na nani. Akacheka. Kimya.

Mama mkwe hakulia. Alishika ukingo wa benchi akainuka. Nilidhani anataka kutoka, nikainuka kumshika. Alinisukuma mkono. Akatembea polepole kupita kwenye mashine ya fotokopi, hadi ukuta wa nyuma, akanyoosha mkono akavuta dirisha likafunga. Lilikuwa gumu kwa unyevu. Alilivuta mara ya pili hadi komeo likashika.

"Mama," nikasema taratibu, "hapo alikuwa akimwambia Kiende. Yule mdogo."

"Najua. Unadhani mimi sijui mwanangu alikuwa akimwita nani?" Aligeuka, amekasirika kidogo. "Jina ni la nani? Yule mtoto amelibeba tu. Kiunga akimwita mama, aliyeitwa ni mimi. Ndivyo tulivyompa jina."

Akainyoshea mashine kidole.

"Anasema hivyo kila siku?"

"Kila jioni, mama."

"Tangu tumzike?"

"Tangu kabla."

"Na ni nani humfungia dirisha?"

"Mimi."

"Wewe si mama yake." Hakusema kwa ubaya. Alirudi kwenye benchi akakaa, akashika magoti yake. "Basi huyu mtoto ametuma mtu siku zote hizi na hakuna aliyekwenda. Sasa nimekwenda. Amenituma, nimefanya. Mtu akishafanyiwa, haendelei kutuma." Akavuta pumzi. "Wacha apumzike, Kaari."

"Mimi sijui kama nitaweza, mama."

"Hutaweza," akasema. "Nani amekuambia utaweza? Mimi nimeweza? Nipe viatu vyangu."

Nilimrudisha nyumbani. Hakutaka pikipiki, tulitembea tumeshikana, tukipumzika kila penye jiwe la kukalia. Njiani aliniuliza kama nilikuwa mimi yule aliyekuwa akipiga kelele kwa nyuma. Nikamwambia ni mimi. Akasema nilikuwa na sauti ya msichana.

Jumatatu nilipeleka mashine kwa Mugendi. Safari hii ilikubali. Haikukubali mara moja. Ilisimama mahali pale pale tena, ikakataa printa yangu, akaitoa printa kwenye orodha ya vitu vyake, akaanza upya. Nilikuwa nimeketi kwenye kile kiti kidogo. Nilitazama namba zikifika mwisho, na sikugeuza uso. Kabla ya kuanza alikuwa ameniuliza kuhusu ile alama ya kubonyeza kwenye skrini, nami nikamwambia asiiweke. Akainakili faili kwenye flashi ya bluu, akaniambia ameiita "Kiunga", kama ninaruhusu. Nikaruhusu.

Kurasa zote zinafunguka sasa. Mwalimu Bundi alikuja, akaona pensheni yake kwenye skrini yangu, akasoma akiinua miwani. "Huyu mtoto amefaulu," akasema, "ingawa amechelewa darasani." Aliniletea mkungu wa ndizi kesho yake. Watu wamerudi, sio wote. Kiende alipiga simu kuniuliza kama ilienda vizuri, nikamwambia ilienda vizuri. Alisema Krismasi atakuja akae dukani nami, hata jioni. Sikumwambia lolote kuhusu nyanya yake. Nitamwambia akija.

Lakini nataka kuandika ile jioni ya kwanza ilivyokuwa, nisije nikaisahau na yenyewe. Nilitoa wateja, nikarudisha mlango nusu. Nikapeleka kipanya nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi kabla sijaondoa mkono. Haraka, kama walivyotaka. Nilikaa. Nilijua hakuna kitakachosemwa, nimelipia mwenyewe kisisemwe, na bado masikio yangu yalikuwa yamesimama kama ya mbwa. Nilisikia kinyozi akifunga mabati. Nilisikia mtu akimwita ndama. Ukungu ulikuwa umefika mlangoni, na hakuna aliyeniambia twende, kwa hiyo sikujua ni wakati gani wa kuinuka. Nilikaa mpaka nikaona baridi. Mwisho nikainuka kwa sababu ya baridi.

Ile flashi iko kwenye sanduku la nguo zangu, ndani ya leso. Naweza kuichomeka wakati wowote nikamsikia. Mugendi alinionyesha jinsi ya kufanya, ni rahisi sana, hata mtoto anaweza. Sijaichomeka. Siogopi kulia. Ninachokitamani hakimo mle. Namtamani mtu anayesema bila kuulizwa, mwisho wa siku, wakati mimi nafikiria mambo ya sabuni, kwamba kazi imekwisha na tunaweza kwenda nyumbani.